Busti Salama kwa Injini Isiyoguswa: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Forester ya Turbo

Sindano ya geji ya busti, yaani shinikizo la hewa ambayo turbo husukuma ndani ya injini, ilikuwa imeegemea bar 1.1 nilipokuwa napanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende, nami nina furaha ya mtoto siku ya Idi. Gari ni Forester ya mwaka 2005, ile SG5 yenye injini ya EJ205 ya lita 2.0 na turbo ndogo ya TD04, farasi 220 kwa hesabu ya Japani. Fundi wa gereji moja nisiyoitaja alikuwa amenifungia vali ya mkono ya kuongeza busti, kazi ya nusu saa, akaniambia, "Bosi, hii ni injini ya rali, bar moja inakunywa kama chai." Nilipofika juu nikaona moshi wa buluu kwenye kioo cha nyuma. Injini ilipofunguliwa tukakuta pistoni ya silinda ya nne imekatika ule ukuta mwembamba unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili. Pistoni tatu zilizobaki zilikuwa nzima kabisa.

Kuhusu rali, fundi hakusema uongo. Subaru walishinda Safari Rally mwaka 1997 na McRae, wakaishinda tena mwaka 2000 na Burns. Lakini magari yale yalikuwa na kundi zima la mafundi nyuma yake, na injini zake hazikujengwa ili zimpeleke mtu kazini Jumatatu. Yako ina miaka ishirini, na hujui aliyeiendesha kule Japani aliitunzaje.

Watu huniuliza namba: injini ya kiwandani ibebe busti ngapi? Namba zangu nitazitoa huko chini. Ila ukiichukua namba bila kujua imetoka wapi, utaishia nilikoishia mimi.

Geji yako inapima nini

Geji ya busti haionyeshi hewa yote iliyomo ndani ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Inaonyesha ziada tu, juu ya hewa iliyotuzunguka. Mombasa hewa hiyo ina shinikizo la karibu 1.01 bar. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, ni karibu 0.83. Eldoret ni kama 0.78, na kule Kimende hushuka hadi 0.76 hivi. Kwa hiyo geji ikisoma 0.8 Mombasa, injini inapata jumla ya 1.81 bar. Ikisoma 0.8 ile ile Nairobi, injini inapata 1.63. Sindano imesimama palepale, lakini hewa iliyoingia si moja.

Hapa kuna mtego wa simu. Wengi tunatumia kile kifaa kidogo cha OBD cha bei nafuu, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na programu ya simu kusoma busti. Kompyuta ya gari huonyesha shinikizo kamili kwa kPa, tuseme 180. Programu nyingi huondoa 101 bila kuuliza uko wapi, kisha zinakuandikia 79, yaani 0.79 bar. Kwa mtu wa Mombasa ni sahihi. Kwa mtu wa Nairobi ilitakiwa iondoe 83, na busti halisi ya turbo yake ni 0.97. Dawa yake ni rahisi: washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya MAP, ile inayopima shinikizo la manifoldi. Namba utakayoiona ni hewa ya mahali ulipo. Iandike, uitumie hiyo kwenye hesabu zako.

Psi ni kipimo kile kile kwa lugha nyingine. Bar moja ni psi 14.5.

Dari mbili, si moja

Mimi ni mzaliwa wa Pwani ninayeishi Nairobi, na gari langu hupanda na kushuka barabara ya Mombasa mara kadhaa kwa mwaka. Nilichojifunza kwa gharama ni kwamba injini hii ina dari mbili, na dari utakayogonga kwanza hutegemea mahali ulipo.

Pwani dari ni pistoni. Hewa ni nzito, turbo haihangaiki, na ukiiongezea busti inakupa tu. Shinikizo ndani ya silinda linapanda mpaka petroli inashindwa kusubiri moto wa plagi.

Bara dari ni turbo yenyewe. Ili itoe busti ile ile kutoka kwenye hewa nyepesi, lazima izunguke kwa kasi zaidi. Kipimo cha kazi yake ni uwiano: chukua shinikizo la nje ujumlishe busti, kisha ugawanye kwa shinikizo la nje. Mombasa kwa busti ya 0.8 unapata 1.81 kugawanya 1.01, yaani karibu 1.8. Nairobi kwa 0.8 hiyo hiyo ni karibu 1.96. Nairobi kwa 1.1 ni 2.3. Na mimi pale Kimende, 1.1 juu ya hewa ya 0.76, nilikuwa nimefika 2.45.

Uwiano ukipanda, joto linapanda nao. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya nyuzi 30 za Mombasa kwa busti ya 0.8 hutoka kwenye turbo ikiwa karibu nyuzi 108 kabla ya kufika intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya turbo. Hewa ya nyuzi 25 ya Nairobi kwa busti ya 1.1 hutoka karibu nyuzi 140. Na turbo ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake ufanisi wenyewe huanguka, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu.

Sasa rudi kwenye pistoni yangu. Jumla ya shinikizo langu pale Kimende ilikuwa 0.76 na 1.1, yaani 1.86 bar. Linganisha na 1.81 ya gari lisiloguswa linalotembea Nyali kwa busti ya 0.8. Tofauti ni ndogo mno. Kama shinikizo peke yake lingekuwa linavunja pistoni, Mombasa nzima isingekuwa na Forester inayotembea. Kilichoivunja yangu ni joto, petroli niliyokuwa nimeweka, na wakati wa kuwasha, yaani ni lini plagi hutoa cheche, ambao haukubadilishwa.

Petroli: hapa ndipo wengi hudanganyika

Fungua kifuniko cha tangi la Forester ya Japani. Utaona kibandiko chenye maandishi ya Kijapani yanayodai petroli isiyo na risasi ya daraja la juu. Kule, kwa sheria, daraja hilo halitakiwi kushuka chini ya RON 96 (RON ni kipimo cha okteni, uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe), na vituoni huuzwa ikiwa karibu 100. Petroli yao ya kawaida ndiyo iliyo karibu na 90. Injini yako ilipangiwa wakati wa kuwasha kwa ile ya juu.

Kwa hiyo kabla hujaongeza hata chembe ya busti, uliza kituo unachonunua kinauza RON ngapi. Usikubali jibu la "ni super tu." Kama ni 93, basi hata busti ya kiwandani iko karibu na ukingo kuliko Wajapani walivyokusudia.

Kuna na hili la ushauri wa mtandaoni. Mmarekani anaandika kwamba anaendesha psi 15 kwa petroli ya 93 na gari halina shida. Msomaji wa Nairobi anaona 93, anakumbuka pampu ya mtaani kwake, anafurahi. Lakini Marekani hupima kwa wastani wa vipimo viwili, na 93 yao ni karibu RON 98 yetu. Ile 91 yao ni karibu 95 au 96. Ukiiga namba zake kwa petroli ya RON 93, umeiga gari ambalo huna.

Chupa za kuongeza okteni zisikupumbaze. "Pointi 5" zinazoandikwa kwenye chupa nyingi maana yake ni 0.5, kwamba 93 itakuwa 93.5.

Adui mwenyewe

Mtaani tukisema injini imenoki, tunamaanisha beringi za koni-rodi zimekwisha na inagonga kama mlango wa mabati. Hiyo ni ajali iliyokwisha kutokea. Ninachozungumzia hapa ni detonesheni, na hutokea hata kwenye injini nzima. Plagi inawasha, moto unaanza kusambaa, lakini mchanganyiko ulio pembeni, mbali na plagi, umeshashinikizwa na kupata joto kiasi kwamba unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Ukisikia, ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mara nyingi husikii: ekzosi inanguruma, redio imewashwa, madirisha yamefunguliwa.

Kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni, na pistoni za kiwandani za injini hizi ni za kumimina, hazikufuliwa. Hazipindi, hukatika. Zinavumilia nyundo chache nyepesi. Nyundo mia moja za mlima mmoja hazivumilii.

Busti ya juu, hewa moto, petroli dhaifu, moto uliotangulizwa mno, petroli kidogo mno kwa hewa iliyopo: yote matano huzaa mtoto mmoja. Ukiongeza moja lazima upunguze jingine.

Hatua ya kwanza: kagua injini kabla ya kuiomba chochote

Pima kompresheni. Injini iwe imepata moto, toa plagi zote nne (kwenye Subaru kazi hii huchubua vidole, plagi zimejificha ubavuni), toa fyuzi ya pampu ya petroli, kanyaga mafuta mpaka chini, kisha zungusha kwa stata. Usishtuke ukiwa Nairobi ukaona namba ziko chini ya kitabu. Kitabu ni cha usawa wa bahari, na hapa utakosa karibu asilimia 18 bila ubovu wowote. Unachotafuta ni ulingano. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, simama hapo. Gari hilo linahitaji fundi wa injini kwanza, mambo ya busti yasubiri.

Plagi ulizozitoa usizitupe kabla hujazisoma. Vidoa vyeusi vidogo au chembe zinazong'aa kama alumini kwenye kauri ni ushahidi wa detonesheni. Plagi ya kiwandani kwa EJ205 ni NGK ya joto namba 6, nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Kwa busti iliyoongezwa watu huenda namba 7. Kwa NGK namba kubwa ndiyo plagi baridi zaidi, wala hii si sababu ya kuongeza busti, ni kinga tu.

Kisha tafuta uvujaji wa hewa. Gari la miaka ishirini halikosi. Chukua kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia kwenye mdomo wa turbo, kitoboe, weka vali ya tairi la tyubulesi, kaza kwa klipu. Fungua mfuniko wa oili ili hewa inayopita kwenye ringi isijae chini ya injini. Pandisha hewa ya kompresa polepole, usivuke bar moja, na uso wako usiwe mbele ya kifuniko hicho, maana kikichomoka ni risasi. Mwagia maji ya sabuni kwenye hosi zote. Yangu ilikuwa inatoa povu sehemu tatu: kwenye raba ya intakula, kwenye mdomo wa vali ya kupuliza, na kwenye kihosi kimoja kisichozidi unene wa kalamu. Uvujaji unamaanisha turbo inazunguka zaidi ili kufikia busti ile ile, na umeshaona maana ya hilo.

Chujio la petroli badilisha hata kama muuzaji alisema ni jipya. Oili iwe safi na iwe ya daraja linalotakiwa, kwa sababu shafti ya turbo huelea juu ya oili hiyo na haina kingine cha kuishikilia.

Hatua ya pili: macho

Huwezi kuongeza busti kwa kusikiliza. Unahitaji vitu vitatu.

Geji ya busti iunganishwe kwenye hosi inayotoka manifoldini, baada ya throtoli. Fundi mvivu huichomeka kwenye kihosi cha westigeti (mlango unaopitisha moshi kando ya turbo ili busti isizidi), na hapo itakudanganya kila siku. Jaribio lake: injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta, geji isome chini ya sifuri, karibu 0.65 Mombasa na karibu 0.5 Nairobi. Isiposhuka chini ya sifuri, imeunganishwa pasipo pake.

Geji ya AFR, yaani uwiano wa hewa kwa petroli, yenye sensa ya masafa mapana. Itabidi uchomelee nati kwenye bomba la ekzosi baada ya turbo. Ile sensa ya oksijeni ya kawaida haitoshi; huona vizuri karibu na 14.7 tu, na ukiwa kwenye busti unataka kujua kama uko 11 au 12.5.

Cha tatu ni namna ya kusoma kompyuta ya injini. Kwa Subaru tuna bahati: kuna programu ya bure iitwayo RomRaider, pamoja na kebo ya Tactrix OpenPort, nazo hufungua vitu ambavyo programu za simu hazioni. Kimoja kinaitwa IAM, mimi nakiita imani. Ni kipimo cha kiasi kompyuta inavyoiamini petroli yako. Kwenye kompyuta za zamani kilele chake ni 16, za baadaye ni 1. Kompyuta ikifutwa kumbukumbu huanza katikati, kisha hupanda kadiri isivyosikia detonesheni. Kikiwa kileleni na kikabaki hapo, vizuri. Kikishuka, kompyuta imesikia kelele za kutosha kurudisha nyuma wakati wa kuwasha kila mahali.

Hatua ya tatu: jua ulipo kabla ya kuhama

Tafuta barabara tupu iliyonyooka, au bora zaidi lipia mashine ya dyno, ile inayopima nguvu ya gari likiwa limesimama. Uwe na mtu wa kushika laptopu. Dereva aangalie barabara. Kwenye otomatiki ya gia nne tumia gia ya pili, kanyaga mpaka chini kuanzia mizunguko 2,500 hadi 6,000, na usivuke kilomita 110 kwa saa. Rudia mara tatu, ukipumzisha injini kati ya mara na mara.

Angalia mambo haya. Busti ifike kilele karibu mizunguko 3,000 hadi 3,500, kisha ishuke taratibu kuelekea juu. TD04 ni ndogo na kuishiwa pumzi huko juu ndiyo tabia yake. AFR ikae kati ya 10.8 na 11.5 kwenye busti kamili. Ikianza 11.2 kisha ikapanda kuelekea 12.3 mizunguko inavyoongezeka, pampu au injekta zinashindwa, na hapo usiguse busti. Injekta zisifunguke zaidi ya asilimia 85 ya muda wote. Na marekebisho ya detonesheni, yaani nyuzi za mzunguko ambazo kompyuta hurudisha nyuma wakati wa kuwasha: tukio moja dogo la nyuzi 1 au 2 unapobadilisha gia si kitu. Lakini ukiona marudio mara tatu mfululizo kwenye mizunguko ile ile, au nyuzi 3 na zaidi popote pale, injini imeshajibu swali lako.

Magari mengi niliyoyapima na rafiki zangu hufeli hatua hii yakiwa bado ya kiwandani kabisa. Ukijikuta miongoni mwao, punguza busti kwa 0.1 au tafuta petroli bora, halafu ujaribu tena. Huko ndiko kutafuta busti salama: wakati mwingine jibu liko chini ya ulipoanzia.

Intakula na foleni

Hili lina kichwa chake kwa sababu silioni likisemwa. Kwenye EJ205 sensa ya joto la hewa imo ndani ya sensa ya MAF, ile inayopima kiasi cha hewa inayoingia, karibu na chujio la hewa. Yaani inapima hewa kabla haijaingia kwenye turbo. Joto la hewa inayotoka intakula kompyuta haijui kabisa.

Na intakula yenyewe iko juu ya injini, chini ya lile pua la boneti. Ukikaa dakika arobaini kwenye foleni ya Barabara ya Thika, hakuna upepo unaopita, na joto la injini linapanda moja kwa moja hadi kwenye mapezi yake. Iguse siku moja baada ya foleni, kwa tahadhari. Utaondoa mkono haraka. Foleni ikifunguka, nafasi inatokea mbele yako, mguu unashuka mpaka chini. Kompyuta inaona hewa ya nyuzi 27, inawasha moto mapema kama kawaida, wakati hewa inayoingia kwenye silinda ni moto mno. Mpe gari dakika tatu nne za mwendo wa kawaida kwanza. Ni bure, na kwa maoni yangu inaokoa pistoni nyingi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Hatua ya nne: kuongeza, kama bado unataka

Vali ya mkono niliyofungiwa mimi hufanya jambo moja: inavujisha sehemu ya shinikizo linalokwenda kwenye westigeti, ili westigeti ichelewe kufunguka. Kompyuta haiambiwi. Yenyewe ina jedwali la wakati wa kuwasha, mizunguko upande mmoja na mzigo (kiasi cha hewa inayoingia silindani) upande wa pili, na jedwali hilo lina mwisho. Mzigo ukipita safu ya mwisho, kompyuta hutumia namba ya safu hiyo hiyo, iliyopangiwa hewa kidogo kuliko iliyopo. Moto unatangulia. Ndiyo sababu mimi sipendekezi vali hiyo kwa mtu yeyote mwenye kompyuta inayoendesha busti yenyewe. Busti ipandishwe ndani ya kompyuta, pamoja na wakati wa kuwasha na petroli, na fundi anayekuonyesha kumbukumbu za vipimo vya kabla na baada. Asiyekuonyesha, lipa soda uliyokunywa uondoke.

Panda kwa 0.05 bar kila mara, usizidishe. Baada ya kila hatua rudia vipimo vitatu vya mwanzo. Pima asubuhi yenye baridi na mchana wa jua. Angalia pia kama busti inaruka juu ya lengo kwa sekunde moja kisha kurudi; kuruka kwa 0.1 au zaidi kunavunja sawasawa na busti ya kudumu.

Kama umebadilisha ekzosi ukaweka bomba pana, kuna jambo jingine: busti inaweza kupanda yenyewe huko mizunguko ya juu hata westigeti ikiwa wazi kabisa, kwa sababu tundu lake ni dogo kuliko moshi unaotaka kupita. Itaonekana kwenye kumbukumbu kama mstari unaopanda pale ambapo ulitakiwa kushuka, hasa usiku wa baridi. Hakuna kuirekebisha kwa kompyuta. Ni kufungua na kupanua tundu la westigeti.

Busti ikivuka kikomo kompyuta hukata petroli, na gari hushtuka kama limegonga ukuta wa godoro. Kuna vifaa vinavyouzwa ili kuidanganya sensa isione. Usinunue.

Namba zangu

Hizi ni za SG5 yenye EJ205 na TD04 isiyoguswa ndani, iliyofaulu vipimo vyote vya juu. Kwa petroli ya RON 93 na kompyuta ya kiwandani: busti ya kiwandani, na kama imani haikai kileleni, pungufu kwa 0.1. Kwa petroli ya 95 na zaidi, kompyuta ikiwa imepangwa upya na mtu anayejua kazi: Mombasa kilele cha 0.9, kisha 0.7 au chini ikifika mizunguko 6,000. Nairobi kilele cha 0.95. Eldoret na Timboroa 0.85, kwa kuwa uwiano wa turbo sitaki uvuke 2.2 na huko juu hewa inaendelea kupungua. Ukifanya hesabu utaona Nairobi kwa 0.95 injini inapata hewa kidogo kuliko Mombasa kwa 0.9. Ndivyo milima ilivyo, na pistoni nne nzima ni bora kuliko kulingana na binamu yako wa Likoni.

Kulazimisha 0.9 mpaka mizunguko 6,500 kwa turbo hii ni kupika hewa. Farasi wachache utakaowapata wanaliwa na moto uliorudishwa nyuma.

Kwa EJ25 za turbo, zile za STI zilizotoka kiwandani na psi 14.5, sitaongeza hata kidogo bila pistoni za kufua; kukatika kwa ukuta wa ringi ni ugonjwa wao unaojulikana. Golf GTI na wenzake wanaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hustahimili zaidi huko juu, lakini huogopa busti kubwa kwenye mizunguko midogo: ukiwa gia ya sita mizunguko 1,600 usikanyage mpaka chini, shusha gia, na tumia oili ya daraja la API SP. Dizeli haina detonesheni ya namna hii. Yenyewe huuawa na joto la moshi, na geji yake ni nyingine kabisa. Na anayetaka kufunga turbo kwenye injini iliyozaliwa bila turbo, yenye kompresheni ya 10 kwa 1 na zaidi, huyo ahesabu gharama ya injini ya pili kwanza.

Ukiona dalili

Ukisikia kokoto, AFR ikaruka juu ya 12.5 kwenye busti, au gari likapoteza nguvu ghafla, ondoa mguu polepole. Usizime injini ukiwa kwenye mwendo. Turbo inahitaji oili. Endesha taratibu bila busti mpaka nyumbani. Kesho yake toa plagi na usome kumbukumbu kabla ya kuwasha tena kwa fujo. Moshi wa buluu unaotokea unapoachia mafuta na kukanyaga tena huenda ukawa turbo tu. Moshi wa buluu unaoongezeka kadiri unavyokanyaga, pamoja na kijiti cha oili kinachorushwa nje ya tundu lake, ni ringi, na hapo pima kompresheni ukiwa umekaa chini. Yangu ilisoma silinda tatu sawasawa na ya nne nusu yake. Kile kivali cha mkono bado ninacho, kimening'inia kwenye funguo za gari.